Gauni Lisiloguswa na Mkasi

Wiki iliyopita niliwaacha na mkono wa Mama Filomena ndani ya sanduku la bati. Mkono ulikuwa unatafuta gauni kavu la harusi, ukagusa kitu laini chenye majimaji. Hapo nikanyamaza, na wengi mmenilaani. Bwana mmoja alinishika shati sokoni Temeke akasema nimemkosesha usingizi.

Vizuri. Leo nitamkosesha chakula. Aliye na kitafunwa mkononi akiweke chini kwanza.

Mama Filomena aliuvuta mkono wake. Ukatoka na utumbo.

Usidhani ni ule utumbo safi unaouona umepangwa kwa muuza supu. Huu haukuoshwa. Ulikuwa na mavi yake ndani, mabichi, ya kijani, na ulikuwa umepasuliwa makusudi ili yamwagike. Nayo yalimwagika. Yaliingia katika kila kitanzi cha gauni jeupe, kuanzia shingoni mpaka pindoni, na nzi walikuwa wameshafika kabla ya mwenye nguo.

"Yesu na Maria!"

Mama Filomena alikimbilia uani, akashika shina la mpapai, akatapika chai yote ya asubuhi.

Wapangaji wenzake wakatoka vyumbani. Kila aliyechungulia sanduku alirudi ameziba pua kwa upindo wa kanga. Mmoja akauliza kama kuna kiumbe kimefia mle ndani.

Mimi ninayeandika nasema wazi kwamba roho imenichafuka. Si kwa ajili ya utumbo, maana utumbo tunaula sote, na siku za mshahara tunaugombea. Imenichafuka kwa ajili ya mtu aliyekaa chini, akawaza, akaona hili ndilo la kumfanyia bibi harusi.

Aliyeyakosa magazeti yaliyopita nimpe habari kwa pumzi moja.

Bibi harusi ni Mauwa, mwosha utumbo wa machinjioni Vingunguti. Si msichana. Ameolewa mara mbili na kuachwa mara mbili, na mara zote alivaa gauni la kuazima lililopunguzwa kwa mkasi ili limwenee. Alipochumbiwa mara ya tatu aliapa mbele ya mtaa mzima: "Mie kutwa nashika kisu. Nguo yangu ya harusi isiguswe na makali. Ikiguswa, siolewi."

Watu walicheka. Nguo gani duniani haikatwi?

"Ya kufuma," alijibu Mama Filomena, Mmakua wa Masasi aliyefundishwa kazi hiyo na masista. Nguo ya kufuma haijui mkasi. Uzi ukiisha unaunga mwingine kwa fundo, na ukimaliza unaukata kwa meno.

Na uzi katika mwaka huu wa shida ulitoka wapi? Ulitoka kwenye midomo ya magunia ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Kila gunia limeshonwa kwa uzi mweupe wa pamba, na akina mama wakishalifungua wanautupa. Mauwa alipita nyumba hadi nyumba, Temeke mpaka Mbagala, akitoa utumbo akipokea uzi. Sindano zilikuwa spoku za baiskeli zilizosuguliwa ncha kwenye jiwe. Ndivyo lilivyofumwa gauni ambalo hata mke wa waziri hana.

Na bwana harusi ni Mwinjuma, mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Mauwa alipoingia darasani kwa mara ya kwanza akitoka kazini, wenzake walihamisha mabenchi. Mwinjuma peke yake hakuziba pua. Aliinama juu ya daftari lake, bega kwa bega, akamfundisha kuandika jina lake. Masikini alikuwa na mafua yasiyopona, na Mauwa akawa anampelekea supu.

"Sikumpendea sura, mama," Mauwa alimwambia Mama Filomena. "Nimempendea pua."

Harusi ni kesho, baada ya alasiri. Sasa turudi kwenye uvundo wetu.

Mauwa aliingia uani moja kwa moja kutoka machinjioni, mabuti ya mpira miguuni na kapu kichwani.

"Shikamoo, mama. Mbona watu wamejaa? Kuna msiba?"

Mama Filomena alinyoosha kidole chumbani. Mauwa akaingia. Wote uani tukasubiri mayowe, lakini hatukuyasikia. Alitoka amelikumbatia sanduku, akaliweka chini juani, akachuchumaa, akautoa ule utumbo kwa mikono yake miwili na kuuweka kwenye karai kama alivyozoea kazini. Kisha akalitazama gauni.

"Limekatwa?" aliuliza.

"Sijui, mwanangu. Sikuweza kulishika."

Mauwa alilikunjua. Alipitisha vidole kwenye mikono, kiunoni na kwenye pindo. Mavi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kwenye viwiko.

"Halijakatwa," alisema, akashusha pumzi. "Nani kaingia chumbani mwako?"

"Nilikuwa kwenye foleni ya sukari tangu alfajiri. Mlango wangu unaujua, unafungwa kwa kamba."

Hapo hapo vikasikika vigelegele mlangoni.

Aliyeingia ni Tabu, muuza karanga wa sokoni, mikono juu, kiuno kikicheza. Tabu ni Mnyamwezi na Mauwa ni Mzaramo, kwa hiyo ni watani, na kila msomaji anajua mtani ana ruhusa ya kukufanyia jambo ambalo mwingine angelala nalo polisi.

"Mtani wangu!" alipaza sauti. "Zawadi umeiona? Tangu lini Mzaramo akaolewa na nguo safi? Mnataka kuwa Wazungu?"

Mama Filomena aliokota mchi wa kinu.

"Ni wewe? Ni wewe uliyefanya hivi? Leo nakuua, nifungwe!"

Mauwa aliudaka mchi ukiwa hewani.

"Mtani hapigwi, mama."

"Hapigwi? Miezi yote hii macho yangu yamekwisha kwa gauni hilo!"

"Hapigwi. Anachekwa."

Naye Mauwa akacheka. Wallahi alicheka, amesimama na mavi mikononi, machozi yakimtoka, kwa sababu mtu anayeukasirikia utani amevunja undugu wa mababu. Nimeona vicheko vingi katika maisha yangu ya kuandika, lakini kile kilinifanya nitake kutema mate.

Tabu naye alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Akageuka.

"Haya, mie nakwenda zangu. Karanga zitaungua."

Mauwa akaacha kucheka.

"Unakwenda wapi, Tabu?"

"Sokoni."

"Mbona hujanidai kitu?"

Hata mie sikuwa nimeliona hilo.

"Alipokufa kaka yangu," Mauwa alisema, "uliruka ndani ya kaburi, ukakataa kutoka mpaka tukakupa jogoo. Nilipoolewa mara ya pili ulimwibia bwana harusi viatu, ukalishwa pilau ndipo ukavirudisha. Leo umeniharibia gauni zima na huniombi hata kipande cha nyama? Mtani gani hadai fidia?"

"Nimesahau tu, mtani. Nipe... nipe kuku."

"Umechelewa."

Mama Filomena alikuwa ameshaanza kumzunguka Tabu, mchi bado mkononi. Akashika ncha ya kanga yake, akaifikicha kwa vidole. Ilikuwa mpya, bado ngumu kwa ile dawa ya dukani.

"Hii doti umeipata wapi?"

"Nimenunua."

"Duka gani? Juzi sie wote tulisimama duka la mtaa mpaka miguu ikavimba. Bibi Zuena akatoka akatwambia kanga zimekwisha, turudi nyumbani tukajenge taifa."

Tabu akakaa chini kwenye vumbi. Alifungua fundo la kanga kiunoni akatoa mche wa sabuni. Baada ya sabuni akatoa mkasi.

Mauwa alirudi nyuma alipouona ule mkasi.

"Ni Bibi Zuena," Tabu alisema kwa sauti ndogo. "Alinipa kanga na sabuni. Akaniambia, wewe mtani wake, nani atakulaumu?"

Jina hilo mnalifahamu. Zuena ni dada wa Mwinjuma, mkubwa wa akina mama hapa mtaani na msimamizi wa duka letu. Kwenye mikutano ndiye anayepanda jukwaani kutwambia kazi zote ni za heshima na asiwepo wa kudharau jasho la mwenzake. Mkutano uliopita nilimpigia makofi. Leo nayadai makofi yangu.

"Na mkasi?" aliuliza Mauwa.

"Alisema kuchafua hakutoshi, wewe ungefua. Alisema unajua mwenyewe kiapo chako. Nikate hata kitanzi kimoja, niuache mkasi juu ya gauni uuone, harusi utaivunja kwa mdomo wako." Tabu alianza kulia. "Utumbo nikamwaga. Kwenye mkasi mkono ukakataa. Kuchafua ni utani, Mauwa. Kukata ni uadui."

"Lakini ulilipwa."

"Nililipwa."

"Ungekuja bure ningecheka mwaka mzima," alisema Mauwa. "Mtani akishalipwa si mtani tena. Ni kibarua."

Neno hilo lilimwingia Tabu kuliko mchi. Alijifunika uso kwa kanga ile ile ya hongo.

"Simama," Mauwa alimwambia. "Lete hiyo sabuni. Aliyechafua ndiye atakayefua."

Wakafua. Sitawaficha, ilikuwa kazi chafu. Majani yaliyotafunwa na ng'ombe yalikuwa yamenasa katika vitanzi, ikabidi yachokolewe kwa kucha. Maji ya kwanza yalitoka ya kijani na ya pili yakatoka ya kijani. Ndoo zilisimama uani zikivuta nzi, karai la utumbo likapata jua, na harufu ikapanda mpaka nyumba ya pili wakafunga madirisha. Tabu alisimama mara kadhaa kwenda mpapaini. Mauwa hakusimama hata mara moja.

Gauni walilikamua kwa kulikunja ndani ya mkeka, kisha wakalilaza juu ya mkeka mwingine, maana nguo ya kufuma ukiining'iniza mbichi inarefuka mpaka inaburuta.

Sehemu kubwa ilikuwa imerudia weupe wake. Lakini kifuani palibaki doa la rangi ya nyongo, na doa hilo halikutaka sabuni wala chumvi wala limau.

"Hapo ndipo watakapotazama wote," Mauwa alisema.

Mama Filomena aliinama, akalikagua, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

"Nilianzia pindoni nikamalizia shingoni," alisema. "Kwa hiyo kifua ndicho kinachofumuka kwanza. Nakifumua, nakifuma upya, na hakuna mkasi. Jua likizama nitakuwa nimemaliza. Shida ni uzi. Sina hata wa kufungia kidole."

Mauwa alimgeukia Tabu.

"Utakwenda kuomba uzi wa magunia, nyumba kwa nyumba. Na kila nyumba utasema ulichofanya na nani kakutuma."

"Mtani, nionee huruma. Nitaficha wapi uso?"

"Utaufunika kwa kanga. Unayo mpya."

Tabu alikwenda. Na habari, ndugu zangu, inapita mtaani kwetu kuliko maji ya bomba. Kila nyumba iliyotoa uzi ilitoa na mtu. Kabla ya adhuhuri ua wa Mama Filomena ulijaa akina mama, na wengi hawakuja kwa ajili ya gauni. Walikuja kwa ajili ya kanga.

"Kumbe zipo!"

"Kikulacho ki nguoni mwako, shoga. Zipo chini ya kitanda chake."

Katikati ya zogo hilo Mama Filomena alikaa kwenye kigoda, spoku zikilia ki-ki-ki. Doa lote lilikuwa limefumuliwa. Uzi mpya ulikuwa unaingia, fundo baada ya fundo, na kifua cha gauni kilikuwa kinapanda tena, cheupe. Ule mkasi aliuweka mbali juu ya ukuta mfupi, akamwonya kila mtu asiuguse.

Hapo Zuena akaingia.

Desturi inawapa mawifi haki ya kuja kuiona nguo ya bibi harusi kabla ya siku yenyewe, naye alikuja kuitumia haki yake. Alikuwa na kitambaa chenye marashi puani. Alipita mbele ya Mama Filomena, mwanamke wa umri wa mama yake, bila shikamoo.

"Harufu gani hii?" aliuliza, macho yanacheka. "Wifi, nimekuja kuona gauni. Mbona kama kuna jambo?"

"Hakuna jambo, wifi," alijibu Mauwa. "Gauni hilo linamaliziwa. Karibu ukae."

Macho ya Zuena yaliacha kucheka. Yalikwenda kwenye gauni, yakaenda kwa Tabu aliyekwisha rudi na uzi, yakaona mkasi ukutani.

Tabu alisimama. Mbele ya watu wote alizivua zile kanga mpya, moja baada ya nyingine, akabaki na gauni lake kuukuu lenye kiraka, akazitupa miguuni pa Zuena.

"Chukua mali yako. Umeniondolea mtani."

Nilitegemea Zuena akane. Wewe msomaji pia ulitegemea. Tungemheshimu kidogo kama angesema uongo, maana mwongo bado ana aibu.

"Nilimtuma," alisema Zuena. "Ndiyo. Akufukuzaye hakwambii toka, lakini naona huyu haelewi, basi nitamwambia. Mauwa, toka kwenye ukoo wetu. Unanuka."

"Nyama unayokula Jumapili nani anaiosha?" aliuliza Mama Filomena.

"Aioshe. Sikumkataza. Lakini asilale kitanda cha ndugu yangu." Zuena aligeuka, akawatazama akina mama. "Na nyie mnanitolea macho ya nini? Haya, nani kati yenu atakula ugali uliosongwa na mikono hii? Anyooshe kidole."

Wasomaji, hapa ndipo kichefuchefu changu kilipofika kooni. Akina mama wale wote walikuwa wamekula utumbo wa Mauwa. Waliupokea mlangoni wakitoa uzi, wakaupika, wakaramba vidole. Sasa mmoja alitazama miguu yake, mwingine akajifanya anamtafuta mtoto. Hata waliokuja wakifoka kwa ajili ya kanga hawakunyoosha kidole.

"Mie nakula naye kila siku," alisema Mama Filomena, bila kuinua macho kutoka kwenye spoku.

Alikuwa peke yake.

Mauwa hakutikisika. "Niliolewa mara mbili na wanaume ambao dada zao walinipenda, na bado nikaachwa," alisema. "Safari hii si wewe unayenioa, Zuena. Ni Mwalimu. Na Mwalimu hajawahi kuziba pua mbele yangu."

"Basi muulize mwenyewe," alisema Zuena. "Huyo anakuja."

Kweli, Mwinjuma alikuwa anaingia mbio, jasho linamtoka, shati la kazi limechomoka. Mkono wa kulia alikuwa amekamata furushi la uzi mweupe.

"Mauwa! Tabu kapita shuleni, kanieleza yote. Nimepita kila duka, kila jiko, nimekusanya uzi. Mama Filomena, shikamoo, huu utatosha?"

Oh, moyo wangu ulishangilia! Akina mama walipumua. Mama Filomena alinyoosha mkono kuupokea uzi, na Mauwa akatabasamu kama msichana wa mara ya kwanza.

Mwinjuma alipiga hatua nyingine ndani ya ua. Akafika penye ndoo za maji ya kijani na karai lililokuwa juani tangu asubuhi.

Mkono wake wa kushoto ukapanda wenyewe. Ukabana pua.

Tabasamu la Mauwa lilibaki usoni kwa muda, kwa kuwa lilikuwa halijapata habari.

"Mwalimu," alisema polepole. "Harufu hii ndiyo ninayotoka nayo kazini kila siku. Leo imekuwaje?"

"Ni... leo imezidi, Mauwa. Kila mtu ameziba."

"Kila mtu anaziba siku zote. Ni wewe tu usiyeziba."

Zuena alicheka ndani ya kitambaa chake.

"Mwambie, Mwinjuma. Mwambie kila jioni kabla ya darasa ulikuwa unapita kwangu kufanya nini."

Mwinjuma alitazama chini.

"Basi nitasema mie. Alikuwa anakuja kupaka dawa ya mafua puani. Ile kali ya kichupa, inayoua kila harufu. Ananiambia, dada, bila hii siwezi kukaa naye benchi moja."

"Wewe ulikuwa na mafua," Mauwa alimwambia Mwinjuma. Aliongea naye kana kwamba ua hauna watu. "Pua yako ilikuwa inang'aa siku zote. Nikakuletea supu."

"Sikuwa na mafua." Sauti yake ilitoka nyembamba, ya mtu aliyebana pua. "Mauwa, nisikilize. Sikutaka ujisikie vibaya kama walivyokufanya wengine. Nilijua nitazoea. Nakupenda, nilikuwa najifunza kuzoea."

"Supu uliinywa?"

Mwinjuma akaanza kuomba msamaha. Na hata alipokuwa anaomba asamehewe, mkono ule haukushuka.

Mauwa aliinama. Alichukua ncha ya uzi iliyokuwa mapajani mwa Mama Filomena, akazichomoa spoku taratibu kutoka kwenye vitanzi, akaziweka chini. Akavuta.

Wanawake wakapiga kelele. Kifua kipya kikaanza kuliwa mstari kwa mstari, uzi ukirukaruka kulia kwenda kushoto, kushoto kwenda kulia, ukimwagika mchangani. Mama Filomena angeweza kumshika mkono. Ilikuwa kazi yake, macho yake, vidole vyake. Hakumshika. Aliokota uzi uliomwagika akaanza kuukunja kidonge.

Kifua kikaisha. Uzi ukaingia kiunoni, penye ile kazi ya zamani, na hapo ukakwama.

Ulikuwa umefika kwenye fundo. Mauwa alivuta, fundo likajikaza ndani ya kitanzi. Alivuta kwa nguvu zaidi, gauni zima likajikunja kwa uchungu, lakini fundo halikupita.

Zuena alikwenda ukutani, akachukua mkasi, akamnyooshea Mauwa.

"Kata, wifi," alisema. "Tumalize."

Mauwa aliutazama mkasi. Kisha akaupokea. Mnakijua kiapo: makali yakigusa gauni, harusi hakuna. Mama Filomena aliacha kukunja uzi.

Lakini Mauwa hakukata. Alimwendea Mwinjuma, gauni limening'inia begani, uzi umekazika mkononi, akasimama mbele yake karibu sana. Akamnyooshea mkasi upande wa kushikia.

"Niliapa mie," alisema. "Lakini tulikuwa tunaoana wawili. Unaona limebaki kiuno na pindo, na Mama Filomena bado ana uzi na jua bado liko juu. Ukitaka harusi ya kesho, mpe mama huo uzi wako akae afume, na mkono wako huo mwingine unishike mie. Kama mie ni wa kuzoewa tu, chukua mkasi ukate."

Mwinjuma alikuwa na uzi mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa puani. Ili afanye lolote ilimbidi aachie kimoja.

"Mauwa..."

"Usiseme. Achia."

Aliitazama pua ya dada yake ndani ya kile kitambaa cha marashi. Alilitazama karai na nzi wake. Alimtazama Mauwa, naamini kwa mapenzi, na hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko mavi yote niliyowaandikia leo.

Kisha akaachia uzi.

Furushi lilianguka kwenye ndoo ya maji machafu, likazama likiwa jeupe, likaibuka kijani. Mkono wake wa kulia uliushika mkasi, na hakuuliza akate wapi.

Mama Filomena alifumba macho asione. Na sauti ya kwanza aliyoisikia haikuwa ya mkasi. Ilikuwa ya nini, nitawaambia wiki ijayo.